Chombo Hakirudi Kitupu

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la shule tu, la kurasa arobaini, limekunjwa katikati likaingia kwenye mfuko wa shati. Kila Jumatatu asubuhi Abdulkadiri alikaa kwenye benchi la zahanati pale Maili Moja, akatoa mkono, akapimwa presha, na nesi Aneth akamwandikia namba mbili, ya juu na ya chini. Huo ulikuwa mwezi wake wa nne wa kufanya hivyo. Hakuna aliyewahi kuzisoma namba zile kwa kuzifuatanisha, mpaka Jumatatu moja ya mwanzo wa vuli, nesi alipofungua kurasa za nyuma, akatabasamu, akamwuliza kama ana nyumba mbili.

Abdulkadiri akashangaa amejuaje. Nesi akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Wiki hii mia na thelathini na nne, wiki ile mia na sabini na sita. Halafu mia na thelathini na mbili, halafu mia na sabini na nane. Inashuka, inapanda, inashuka, inapanda, kama mtoto aliye kwenye bembea.

“Basi, mzee wangu,” nesi akasema, “kuna nyumba inakuponya na kuna nyumba inakuua. Ipi ni ipi, utajua mwenyewe.”

Watu wa kwenye benchi wakacheka, na yeye akacheka nao. Mwanamume mwenye busara ya wake wawili maneno hayo angeyaacha palepale kwenye benchi. Yeye aliyabeba mpaka nyumbani kwa Hamisa, akayatoa saa ya chakula cha mchana, tena kwa kucheka, sahani ikiwa mbele yake.

Hamisa alikuwa mke mdogo, mwaka wa kumi na moja katika ndoa, na nyumba yake ilikuwa hapa Kibaha. Mke mkubwa, Mwanamkuu, alikaa Masaki ya Kisarawe, kwenye shamba la mihogo na mikorosho. Abdulkadiri alikuwa mfanyabiashara wa mihogo na mananasi: wiki moja Masaki akikusanya mzigo, wiki moja Kibaha akiuuza. Biashara ndiyo iliyopanga zamu, na zamu ndiyo iliyoleta amani. Kule aliitwa Baba Maulida, huku aliitwa Baba Hajra, na kwa miaka kumi na moja wake hao wawili walionana misibani na harusini tu, wakasalimiana vizuri, wakaachana vizuri.

Sahani iliyokuwa mbele yake mchana huo ilikuwa ya siku ya kuingia, na siku ya kuingia Hamisa hakupika mchezo. Wali wa nazi unaong'aa. Samaki aliyekaangwa mpaka akakauka, kisha akalazwa kwenye tui la kwanza, tui zito la nazi mbili. Mchicha wa karanga, mafuta yanaelea juu yake kama jicho. Mama yake alimfundisha hivyo: mwanamume anaonyeshwa mapenzi kwa kijiko cha mafuta, na mchuzi unaoona chini ya sufuria ni mchuzi wa kumfukuzia mgeni. Tena upishi ndio uliomwoza. Abdulkadiri alikwenda harusini Kongowe, akala pilau, akauliza nani kapika, na baada ya mwezi posa ikafika. Sasa upishi huo ukisemwa kuwa ndio unaoua, Hamisa anabaki na nini?

Akamwondolea miiba ya samaki mezani, akasubiri. Alijua bado kuna neno.

“Nimewaza njiani,” Abdulkadiri akasema. “Tupime mara tatu za hapa kwako. Kitabu kikishuka, alhamdulillahi. Kisiposhuka, nitahamia Masaki mpaka nipone. Huku nitakuwa nakuja kuuza mzigo na kuondoka.”

“Mpaka upone lini?”

“Mpaka nipone, Mama Hajra.”

Hamisa akaitazama ile sahani. Mumewe alikuwa amekula nusu.

*

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Recho, mama wa Kihaya aliyeolewa na mtumishi wa halmashauri, mtu wa kusema jambo lilivyo. Jioni walipokaa wakichambua matembele, Hamisa alimweleza yote, ila alianza na Mwanamkuu, si na presha. Alisema yule bibi ana dawa. Haiwezekani mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mikono ina sugu za jembe, ampite mtu kwa chakula. Lazima kuna anachokitia.

Recho akasema dawa ni chumvi tu na mafuta. Baba mkwe wake aliugua hivyohivyo. Walimpunguzia chumvi, wakamwongezea majani na samaki wa kuchemsha, wakamkamulia ndimu pakikosa ladha, na mzee akaendelea kuchunga ng'ombe wake. Hata nesi anasema hivyo kila siku. “Muulize mwenzio anapikaje,” Recho akamalizia. “Ni jambo la dakika mbili kwenye simu.”

Hamisa akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Kumwuliza mke mwenzio anapikaje ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa nyumba na kumwonyesha kitanda kilipo.

Hata hivyo alijaribu, kwa njia yake. Siku mbili alipika mafuta nusu na chumvi nusu, bila kuweka kingine mahali pa vile alivyopunguza, na chakula kikawa kama maji ya kuoshea mchele. Abdulkadiri alikula polepole. Siku ya pili akauliza, kwa upole kabisa, “Hakuna ndimu? Kule huwa tunakamulia ndimu.”

Kule. Neno dogo, lakini lilimchoma Hamisa kama mwiba wa samaki unaokaa kooni ukakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Kule wanakamua ndimu. Kule “tuna”. Siku ya tatu akarudi kwenye tui la kwanza na nazi mbili, na Jumatatu ilipofika kitabu kikaandikwa mia na sabini na mbili. Mara ya kwanza kati ya tatu.

Wazo la achari lilikuwa limeshamjia tangu siku ile ya tatu. Kama namba za Kibaha hazishuki, basi za Masaki na zipande. Zikilingana, nesi atasema nini? Atasema ni umri. Atasema ni maradhi ya mwili, hayana nyumba. Na Abdulkadiri hatakuwa na sababu ya kuhama.

Achari ya Hamisa ilijulikana mtaa mzima. Embe bichi, zile ngumu ambazo kokwa zake bado nyeupe, anazikata vipande vya kidole, anazichanganya na pilipili, manjano, vitunguu saumu na maji ya ndimu, bila tone la mafuta, anazianika jua la siku tatu kabla ya kuzifungia. Chumvi ilikuwa gao tatu, kila gao kiganja kilichojaa. Mara hii alitia gao tatu, akasita, akatazama mlangoni kama kuna mtu, akatia la nne. Gao tatu zilikuwa za achari. La nne lilikuwa la wivu.

Akajaza kopo la kilo moja lenye mfuniko mwekundu, akamkabidhi mumewe asubuhi anaondoka. “Mpelekee Bi Mkubwa,” akasema. “Mwambie mdogo wake anamsalimu. Na wewe uile, usiniachie ikaoze.”

Abdulkadiri alifurahi mno. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kubeba zawadi kutoka jiko hili kwenda jiko lile. Njia nzima alilipakata kopo mapajani.

*

Wiki ilipokwisha, kopo lilirudi. Kwa watu wa huko chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umesema baina yetu hakuna kitu. Kwa hiyo ndani ya kopo mlikuwa na majani ya kunde yaliyokaushwa, yamesagikasagika kidogo, yananukia moshi wa jikoni. Na salamu: Bi Mkubwa anashukuru sana.

Hamisa aliyanusa, akayafunga kwenye mfuko wa nailoni, akayarusha juu ya kabati. Kisha akanyoosha mkono kuomba daftari, kama mtu asiyejali.

Mia na thelathini.

“Achari uliila?” akauliza.

“Kila siku,” Abdulkadiri akasema. “Haikosi kwenye chakula. Nimeila mpaka nimelamba vidole.”

Usingizi ukawa mgumu kwa Hamisa wiki hiyo. Mtu amekula chumvi gao nne na presha imeshuka. Hiyo siyo afya tena, hiyo ni kazi ya mkono wa mtu. Akatengeneza achari nyingine, safari hii gao tano, mpaka vipande vya embe vikajikunja kama masikio ya panya aliyekufa. Alitengeneza nyingi, kopo la kupeleka Masaki likajaa na mtungi mdogo ukabaki jikoni. Jumatatu kitabu kikasema mia na sabini na nne. Mara ya pili. Imebaki moja.

Na asubuhi hiyo, Abdulkadiri alipokwenda kuoga, Hamisa alifungua mkoba wa mumewe, akatoa pakiti ya vidonge vya presha, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. Alijiambia kuwa hataki kumdhuru, siku mbili tatu hazimwui mtu. Alitaka sababu tu ya kwenda Masaki kuona kwa macho yake kinachofanyika kule. Mke anayempelekea mumewe dawa alizosahau, nani atamwuliza kafuata nini?

*

Alikwenda Alhamisi. Hajra alimwacha kwa Recho, akavaa dera jipya na mtandio wa harusi, akapanda gari, akabadilisha, na kutoka Kisarawe mjini akachukua bodaboda iliyompitisha kwenye mikorosho na magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya njia. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku. Kila mahali palikuwa na majani machanga: mlenda umejiotea wenyewe penye mbolea ya mbuzi, maboga yametambaa mpaka juu ya choo, matembele yamefunika ukingo wote wa uwanja. Dera likaingia tope kabla hajabisha hodi.

Mwanamkuu alikuwa jikoni, kwenye banda lenye ukuta wa nusu, kanga moja kifuani na moja kiunoni. Alimtambua kabla Hamisa hajasema jina lake.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Ni heri?”

“Heri tu. Baba Hajra kasahau dawa zake.”

Mwanamkuu akaipokea ile pakiti, akaigeuza, akamtazama mwenziwe usoni muda wa kumeza mate mara moja. “Kasahau,” akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamtandikia mkeka nje ya banda, kivulini. Hakumkaribisha jikoni, na Hamisa hakutegemea. Jiko la mke mwenzio halikanyagwi. Lakini pale alipotandikiwa, kwa juu ya ule ukuta wa nusu, aliona kila kitu.

Kitu cha kwanza alichoona hakikuwa cha jikoni. Alimwona Abdulkadiri akitokea shambani, suruali imekunjwa magotini, bega limebeba mzigo wa kuni. Mwanamume ambaye Kibaha hajawahi kuinua ndoo ya maji, ambaye huvua viatu akajinyoosha kwenye kochi na simu mpaka aitwe kula, huyu hapa anazitua kuni mlangoni kwa mke mkubwa, anajifuta jasho, hata hahemi. Alipomwona Hamisa akafurahi, akauliza za Hajra, akasema na yeye alishangaa vidonge havionekani, akaenda kisimani kunawa. Kwenye kamba, shati lake na kanga ya Mwanamkuu vilikuwa vimeanikwa bega kwa bega. Hamisa akageuza uso.

Mchuuzi wa samaki akapita na pikipiki, honi inalia tangu mbali, kreti lake limejaa barafu na vibua vya alfajiri hiyo kutoka soko la Feri. Mwanamkuu akachagua sita kwa kuwafungua mashavu, waliokuwa wekundu akawaweka, wawili akawarudisha. Akawapara, akawachanja ubavuni, akawapaka tangawizi na kitunguu saumu alivyovitwanga palepale. Nyanya nne za bustanini, kitunguu kimoja, pilipili hoho ndogo. Mafuta kijiko kimoja, akakihesabu kama mtu anayempa mtoto dawa ya kikohozi. Matembele aliyachuma alipokuwa anazungumza, akayakata, akayatia kwenye tui la mwisho, lile jepesi ambalo Hamisa humwagia kuku. Hakuna kilichokaa motoni zaidi ya muda wa kusuka mkia mmoja wa nywele.

Hamisa alikuwa anangoja chumvi. Chumvi haikutokea.

Badala yake Mwanamkuu aliinama nyuma ya mtungi, akatoa bakuli lililofunikwa kwa kawa. Akamimina maji, akakorogakoroga kwa vidole, akayamwaga kwenye beseni pembeni. Akamimina tena, akamwaga. Akamimina mara ya tatu, na mara zote midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akachota vitu fulani vya rangi ya njano iliyofifia, akavipanga juu ya samaki kimoja kimoja, akafunika sufuria.

Hamisa akanyoosha shingo kuona vizuri. Amekiona. Maji matatu, na maneno juu yake. Safari yote ile haikuwa bure.

*

Abdulkadiri alipelekewa chakula chake barazani. Wanawake wawili wakala mkekani, sinia moja, ugali wa muhogo katikati. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumwita mchawi mbele ya uso wake, na Hamisa hakuwa tayari kusema hivyo, hasa sasa alipokuwa na uhakika. Akasubiri Mwanamkuu amege kwanza. Mwanamkuu akamega, akachovya, akala bila wasiwasi wowote. Basi na yeye akamega, akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika, akala.

Ulimi wake ulikuwa unatafuta chumvi, ukakutana na uchachu. Si uchachu wa ndimu unaopita haraka. Huu ulikuja taratibu kutoka ndani ya nyama ya samaki, ukashika nyuma ya taya, ukaitana na tangawizi, na nyanya ikafika mwisho ikaleta utamu. Matembele yalikuwa bado mabichi kidogo, yanasikika menoni. Hamisa alikuwa mpishi, na mpishi hawezi kuuongopea ulimi wake. Alikula tonge la pili kwa hasira. La kumi alilila kwa sababu alilitaka. Aliposhtuka, upande wake wa sinia ulikuwa mweupe, na Mwanamkuu alikuwa anamsogezea mgongo wa kibua alioubakisha.

“Umetia nini humu?” Hamisa akauliza.

“Vitu vya nyumbani tu, mwenzangu.”

“Na achari yangu? Siioni.”

“Ipo,” Abdulkadiri akajibu kutoka barazani, mdomo umejaa. “Haikosi.”

Kwenye sinia hapakuwa na achari. Hamisa akaona mume anamdanganya ili kumfurahisha, na kumfurahisha huko kulimuuma kuliko kama angemtukana.

Jua lilipopinda akaaga. Mwanamkuu akamsindikiza mpaka njia ya pikipiki, chini ya kwapa kaweka kopo la mfuniko mwekundu, limefungwa kwenye kipande cha kanga. Walitembea mpaka penye mkorosho ulioanguka, hapo mke mkubwa akasimama.

“Jumapili nilimpigia simu huyu bwana,” akasema. “Nilimkumbusha dawa. Akaniambia, ndiyo hizi nazitia mkobani.”

Hamisa akatazama tope la kwenye dera lake.

“Sikukuambia ili unijibu. Mimi nimekaa naye miaka thelathini na miwili. Ulipokuja nililia wivu wangu nikaumaliza, mwaka mzima nililia, hakuna aliyejua. Wako siwezi kukulilia.” Akamtia kopo mikononi, na lilikuwa zito kuliko Hamisa alivyotegemea. “Ila neno moja ulishike. Mume tunagawana siku, kwako na kwangu. Eda haina zamu. Siku akiondoka, tutaingia ndani sote wawili siku hiyohiyo, miezi minne na siku kumi, wewe kwako na mimi kwangu, na hakuna atakayekuwa mshindi. Haya, nenda, mvua inakuja. Usilifungue njiani.”

*

Hakulifungua njiani. Alilifungua jikoni kwake Kibaha, amekaa juu ya mbuzi ya nazi kwa sababu miguu ilikuwa imechoka kutafuta pa kukaa pengine. Alikuwa tayari kukuta hirizi. Alikuwa tayari kukuta mizizi, majivu, kucha, chochote ambacho angekipeleka kwa watu akasema, oneni.

Kopo lilikuwa limejaa chumvi.

Ilikuwa chumvi ya njano. Chenga chenga, imekaushwa juani kwenye kitu kipana, imekwanguliwa kwa kijiko. Ndani yake mbegu za pilipili, na ukiinusa, kitunguu saumu. Hamisa akachovya kidole, akaweka ulimini, na kabla hajaitema alikuwa ameshautambua mkono uliochanganya manjano ile. Ulikuwa mkono wake. Gao tatu na la nne, gao tano za mara ya pili, zilikuwa zimemrudia humo.

Mambo yakamjia moja baada ya jingine, polepole, kama maji yanayopanda kisimani. Lile bakuli nyuma ya mtungi lilikuwa na embe zake. Maji matatu yalikuwa ya kuzitoa chumvi, na midomo iliyocheza ilikuwa inahesabu: moja, mbili, tatu. Maji ya kila siku hayakumwagwa ovyo. Yalianikwa kwenye sinia juani mpaka yakarudi kuwa chumvi, ili apelekewe mwenyewe. Na uchachu ule ulioshika nyuma ya taya, uliomfanya ale mpaka sinia likawa jeupe, ulikuwa wa embe alizokata kwa kisu chake. Abdulkadiri hakudanganya. Achari haikukosa kwenye chakula. Ile mia na thelathini iliyomkosesha usingizi, nusu yake aliipika yeye.

Na Mwanamkuu alijua tangu kopo la kwanza. Alionja, akajua, akashukuru, akatuma majani ya kunde. Angekuwa mwanamke mwingine angezitia vile zilivyo, gao tisa, kisha dawa zimefichwa kwenye mfuko wa gauni, na saa hii Abdulkadiri angekuwa amelala ubavu mmoja, mdomo umekwenda upande. Hamisa akaliona jambo hilo waziwazi, akaona na mikono yake mwenyewe ndani yake. Alikaa juu ya mbuzi mpaka Hajra alipokuja kuuliza kama leo hawali.

*

Jumatatu Abdulkadiri akaingia kutoka zahanati na mia na ishirini na nane ya Masaki. Hakuisifia, labda Mwanamkuu alimwambia asiisifie. Ilikuwa imebaki wiki moja, na baada yake kipimo kimoja.

Hamisa alikuwa ameshapita kwa Recho asubuhi na mapema, akauliza muuza perege wa Ruvu anafika saa ngapi. Recho hakusema nilikwambia. Alimpeleka mwenyewe mpaka kwa yule mama wa beseni, wakachagua wawili wenye macho angavu. Nyumbani Hamisa akachota vipande vya achari kwenye mtungi mdogo uliobaki, akaviosha maji matatu. Akaonja. Akaviosha maji ya nne, kwa sababu gao lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu mwingine. Mkono ukaenda kwenye kopo la chumvi mara mbili wenyewe, na mara mbili akaurudisha akaufuta kwenye kanga. Akapanda juu ya kiti, akashusha yale majani ya kunde kutoka juu ya kabati, akayaroweka, akayapika kwa tui la mwisho na nyanya mbili. Tui la kwanza akalitazama lilivyo zito na jeupe, akampa Hajra kwenye uji.

Alimtengea mumewe, akakaa mkabala naye, akasahau hata kunawa.

Abdulkadiri akala tonge moja. Akala la pili. Akamwondoa perege mwiba, akaufuata uti mpaka mkiani, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

“Mama Hajra,” akasema, “leo umepika kama kule.”

Alikusudia sifa. Hamisa akanyanyuka kwenda kumwaga maji ya kunawia ambayo alikuwa ameshayamwaga. Akasimama nyuma ya nyumba na beseni tupu mkononi, akatazama ukuta wa Recho mpaka macho yalipokauka. Kisha akarudi ndani akamwuliza kama anataka chungwa.

Alipika hivyo siku zote saba. Perege, dagaa wabichi, kambale siku moja. Mchicha, majani ya maboga, bamia. Siku ya nne alianza kutia kitu chake mwenyewe, iliki kidogo kwenye nyanya, ambayo kule haipo. Abdulkadiri hakuitambua, au hakusema.

Jumatatu mwanamume alipita zahanati, kisha akarudi nyumbani kuchukua mkoba kabla ya safari. Alisimama mlangoni, daftari limefunguliwa kama barua. Mia na arobaini na mbili. Alisema hahami, zamu zitabaki kama zilivyo. Alisema pia kwamba nesi Aneth alitazama kurasa, akamwuliza kama mke mmoja amemwacha, maana nyumba mbili zimekuwa moja, na benchi zima likacheka.

“Umemjibuje?” Hamisa akauliza.

“Nimecheka tu.”

Hamisa akamtolea mkoba. Akaufungua mbele yake, akamwonyesha vidonge vilipo, akaufunga. Kisha akamwambia asubiri kidogo, kuna kopo la kupeleka.

Jikoni akalisuuza kopo la mfuniko mwekundu, akalipangusa. Alikuwa amekata embe bichi tangu alfajiri, safi, hazijaguswa na chumvi hata punje, pamoja na mzizi wa tangawizi na iliki chache alizozifunga kwenye karatasi. Bi Mkubwa ataijua iliki hiyo ni ya nini. Atajua kwamba huku nako kuna mpishi. Akazipanga embe mpaka juu, akachukua mfuniko, akauweka, akauondoa.

Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akachota ile chumvi ya njano kwa ncha za vidole viwili, kiasi ambacho hakiwezi kumwumiza hata inzi, akainyunyiza juu kabisa ambapo itaonekana mtu akifungua tu, kisha akaukaza mfuniko kwa nguvu zake zote.